Michungwa Kumi na Mmoja ya Mwatima

Mwatima Kificho alirudi kwao Pandani akiwa na miaka thelathini na nne, talaka mkononi na sanduku moja la bati. Alikuwa ameolewa Kisiwa Panza kwa miaka kumi na miwili bila ya kupata mtoto, na mume aliposema basi, hakubishana naye. Baba yake, Mzee Kificho, hakumhoji. Alimpeleka nyuma ya nyumba, akamwonesha kipande cha ardhi kilichoteremka taratibu mpaka kwenye bonde la mpunga, akamwambia, "Panda utakacho. Ardhi hii ya ukoo, siwezi kukupa peke yako. Lakini mti ni wa aliyeupanda. Hakuna wa kukuondolea."

Alipanda michungwa. Mwaka ule kulikuwa na mafunzo ya akinamama mjini Wete, nako akajifunza kubebesha: unaotesha mdanzi, ule wa machungwa machungu, unauchana gome, unatia jicho la mchungwa mtamu, unafunga kwa ukanda wa nailoni na kuomba Mungu. Alibebesha miche thelathini. Ikashika kumi na mmoja.

Miaka kumi na minane ikapita. Mzee Kificho alikuwa keshatangulia mbele ya haki, na katika nyumba kubwa ya mbele akaishi kaka yake, Bakar, pamoja na mkewe Siti. Mwatima alikuwa na vyumba vyake viwili kule nyuma, na michungwa ikianzia mlangoni pake. Watu walikuja kununua mpaka kutoka Tumbe. Wachuuzi wa samaki walikuwa wakipakia machungwa kwenye baiskeli zilezile zilizoleta dagaa. Akaitwa Mwatima Machungwa, na jina hilo lilimpendeza kuliko alivyokubali kuonesha.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Baba alisema mti ni wake. Hakusema mti ukifa inakuwaje. Na Bakar, tangu awe mkubwa wa nyumba, hakuwahi kulitaja suala hilo, si kwa wema wala kwa ubaya. Mwatima naye hakuuliza. Kila mwaka michungwa ilipochanua, alijiambia hakuna haja ya kuuliza.

Mwaka jana mwezi wa Juni, akifagia baada ya sala ya alfajiri, aliona jani la manjano chini ya mchungwa wa tatu. Jani moja si kitu. Aliliokota hata hivyo, akaligeuza. Mshipa wa katikati ulikuwa wa manjano kabisa, hali pembeni jani bado lilikuwa kijani. Hakuwahi kuona manjano ya namna ile.

Baada ya wiki mbili mti mzima ulikuwa umebadilika rangi. Kisha ukafanya jambo lililomtisha zaidi: ukachanua. Si msimu wake, mvua za masika zimeshakwisha, miti mingine imebeba machungwa makubwa, na huu unatoa maua meupe kila tawi.

"Mashaallah, Bi Mwatima," alisema Nyange, jirani mwenye ng'ombe, alipopita njiani. "Mwaka huu utavuna mara mbili."

Mwatima alicheka. Aliusogelea mti. Machungwa yaliyokuwapo yalikuwa madogo kama ndimu, na mengine yalianguka alipoligusa tawi. Viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, vilikuwa vitupu. Hata wao walikuwa wamehama.

Alianza kutibu kwa alichokijua. Alichemsha majani ya mwarobaini, akachanganya na sabuni ya kufulia, akanyunyiza mpaka mabega yakamuuma. Haikusaidia. Akafikiri mti una njaa, maana manjano mara nyingi ni njaa. Akaenda kwa Nyange, akaleta matenga matatu ya samadi, akaongeza juu ya ile aliyokuwa ameiweka wakati wa kiangazi.

Mwezi wa Julai mchungwa wa pili ukaanza. Kisha wa tano. Kisha wa kwanza, ule wa mlangoni.

Sasa akawa hali chakula kikamteremka. Kila asubuhi alizunguka mti hadi mti, akiangalia majani kwa karibu, akirudi nyuma, akiangalia kwa mbali. Mti uliokuwa mzima jana aliutilia shaka leo. Akiona jani limekunjika anasema ugonjwa umeshaingia. Akifika mchana analiona limenyooka, anapumua. Jioni anarudi tena kuhakikisha. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua machungwa alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hili si ugonjwa, ni jicho la mtu, atafute wa kumsomea. Mwatima alisoma mwenyewe, kila siku baada ya alasiri, akitembea baina ya mashina. Kusoma kulimtuliza moyo kwa saa moja. Majani yaliendelea kudondoka.

Wakati huohuo, upande wa juu wa shamba, nyumba ilikuwa inapanda. Haitham, mtoto wa Bakar, alikuwa na mchumba na alitaka kuoa kabla ya mwaka kwisha. Baba yake alimpa kiwanja juu kidogo ya michungwa. Mafundi wawili walikuwa hapo kila siku na matofali yao, na Mwatima alikuwa akiwapelekea chai. Hakuwahi kuwafikiria vibaya. Mpaka siku aliposimama mlangoni akamwona Haitham ameshika ndoo, ameinama karibu na mchungwa wa tatu, anamwaga kitu cha kijivu.

Hapo kila kitu kikaungana kichwani mwake. Miti inayokufa ni ile ya juu, iliyo karibu na nyumba. Miti ikifa, ardhi inabaki tupu. Ardhi ikibaki tupu ni ya ukoo, na mkubwa wa ukoo ni Bakar. Aliitoa ndoo mkononi mwa kijana, akainusa. Akapanda nayo mpaka kwenye jengo, ambako Siti alikuwa amekuja na chakula cha mafundi.

"Mnaniulia miti yangu mpate kiwanja," alisema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Si mngesema tu? Miye ningetoka. Nimeshazoea kutolewa."

Mafundi waliacha kazi. Siti aliweka sahani chini polepole.

"Wifi, unajua unalolisema?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Shangazi, ni maji ya kuoshea mwiko na sepetu," alisema Haitham, uso umemwiva. "Ni saruji tu. Na nimemwaga siku moja, leo."

"Miaka kumi na minane tunakula sahani moja," Siti alisema. Hakupandisha sauti. "Leo mbele ya mafundi umenifanya mchawi." Akajifunga kanga yake vizuri, akashuka kwenda kwake, na chakula akakiacha palepale.

Mwatima alirudi ndani akakaa kitandani. Alitaka kuwa na hakika, na hakika haikuja. Saruji iliyomwagwa leo haiwezi kuua mti ulioanza kuumwa Juni. Hilo alilijua hata kabla hajafika nyumbani. Lakini kama si wao, ni nini? Na kama ni wao kwa njia nyengine?

Asubuhi yake aliweka majani na machungwa mawili kwenye mfuko, akaenda Wete kwenye ofisi ya kilimo. Mtu wa mezani aliyatazama majani, akasema kwa majani peke yake hawezi kusema kitu, huenda mti unaumwa kwengine. Aliandika namba ya simu ya Mwatima na kumwambia asubiri. Mwatima alisubiri siku sita. Katika siku hizo hakuna aliyekuja kwake kutoka nyumba ya mbele, na mchungwa wa nne ukageuka rangi.

Siku ya saba akaja bibi shamba kwa honda. Jina lake Suhaila, binti wa Tumbe, miaka thelathini hivi, ushungi umefungwa imara na miguuni buti za mvua.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umechelewa, lakini karibu."

Suhaila hakukasirika. Aliomba kwanza aione miti yote, mizima na migonjwa. Akachukua jani, akaliinua kwenye jua. Akachuma chungwa, akalikata katikati kwa kisu, akazitazama mbegu moja moja. Akakata jengine. Mwatima alishindwa kuvumilia.

"Unatafuta nini?"

"Kuna maradhi fulani nayaogopa. Yakiingia shambani, hakuna dawa. Tunakata miti yote, mizima na migonjwa, tunachoma moto." Aliona uso wa Mwatima, akaongeza haraka, "Lakini hayo hulipotoa chungwa. Linakwenda upande, mbegu zinakuwa nyeusi. Haya yako ni madogo, lakini yamekaa sawa."

Kisha akauliza, "Kabla mti huu haujaanza kuumwa, uliufanyia nini?"

"Sikuufanyia kitu. Kuna watu wamemwaga saruji."

"Saruji nimeiona, imeganda pale juu ya majani makavu, haikushuka hata kidole. Miye nauliza weye ulifanya nini. Tangu kiangazi."

Mwatima akamwambia. Mwezi wa Februari jua lilikuwa kali mno, akahofia miti isife kwa kiu. Akaleta samadi kwa Nyange, akairundika kwenye mashina, akaongeza udongo juu, akaikandamiza vizuri kwa miguu. Kila shina alilolifikia lilifukiwa mpaka karibu na goti. Kazi ya siku tisa, peke yake. Alilisema hili kwa fahari kidogo, ili binti ajue kwamba miti hii haikutupwa.

Suhaila alikuwa keshapiga magoti. Alifukua kwa mikono, akitupa samadi nyuma yake. Ilikuwa bado na majimaji. Alipofika chini aliita.

"Njoo, mama. Kaa hapa. Pale ulipobebesha ni wapi?"

Mwatima aliutafuta ule uvimbe kwenye shina, mahali mdanzi unapokutana na mchungwa. Haukuwapo juu ya ardhi. Ulikuwa chini, shubiri nzima, ndani ya tope.

Suhaila alikwangua gome kwa ncha ya kisu. Chini yake palikuwa na rangi ya tumbaku iliyolowa, na harufu ikatoka, chachu, kama maji ya muhogo ulioozeshwa. Utomvu wa rangi ya asali ulikuwa umetoka kwenye ufa na kuganda. Akasogea upande wa pili wa shina, akakwangua tena. Hudhurungi. Akazunguka mti wote. Hudhurungi.

"Mdanzi hauogopi maji," alisema. "Mchungwa unaogopa. Ndiyo maana tunabebesha juu, ili mchungwa ukae mbali na udongo. Weye umeufunika, mvua za masika zikaja, gome likaoza. Mti hauwezi kupitisha chakula. Ule uchanuaji uliouona ni wa mti unaokufa."

Mwatima aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo ni miye."

"Samadi haina kosa, mama. Ni mahali ilipokaa."

"Ni miye," alirudia. Akakumbuka sahani ya chakula iliyoachwa juu ya matofali.

Suhaila hakumwacha akae na mawazo hayo. Ilikuwa saa nne ya asubuhi na mashina kumi yalikuwa bado hayajakaguliwa. Walianza pamoja, mmoja akichimba kwa jembe dogo na mwengine akimalizia kwa mikono ili wasichubue mizizi. Kila shina lilipofunguliwa, Suhaila alikipangusa kisu kwa spiriti, akachagua mahali, akakwangua. Mwatima alikuwa akiinama kutazama. Gome likionekana jeupe lenye ukijani, anasema alhamdulillahi kabla ya kuulizwa. Likionekana hudhurungi, anamsubiri Suhaila azunguke, akihesabu moyoni ni kiasi gani cha mduara kimebaki kizima.

Wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa tano ilikuwa imeoza mduara mzima. Hiyo haikuwa na matumaini. Wa nne, wa sita na wa saba ilikuwa imeoza upande, mmoja nusu, mingine robo. Wa nane mpaka wa kumi na mmoja, ile ya chini karibu na bonde, ilikuwa mizima kabisa, na mashina yake hayakuwa na samadi hata kidogo.

"Hii mbona umeiacha?" Suhaila aliuliza.

"Nguvu zilinishia," alisema Mwatima. "Tangu siku hizo nimeionea haya."

Ile minne ya juu ilikatwa siku iliyofuata, na visiki vikang'olewa. Mitatu iliyoumwa nusu, Suhaila aliikwangua mpaka akafika penye gome zima, kisha akaonesha jinsi ya kuchanganya mrututu, ile chumvi ya shaba, na chokaa, kila kimoja kivyake kwenye ndoo ya plastiki, ndipo vikutanishwe. Dawa ilitoka nzito, rangi ya samawati, wakaipaka kwa brashi kwenye vidonda. Mashimo ya miti iliyokatwa yabaki wazi yapigwe na jua. Asipande jamii ya mchungwa hapo kwa mwaka mmoja au zaidi.

Mwaka mmoja! Mwatima aliyatazama mashimo manne, wazi, mkabala na nyumba ya Haitham. Hofu yake ya zamani ilikuwa imepata umbo.

Lakini kulikuwa na jambo la kutangulia. Jumamosi, mafundi walipokuwa kazini, alipanda mpaka kwenye jengo. Aliwaomba waache kidogo. Akamtuma Haitham amwite mama yake. Siti alikuja akasimama mbali, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Nilisema mbele ya watu hawa," alisema Mwatima, "na nasema mbele yao. Miti nimeiua miye mwenyewe kwa mikono yangu. Haitham hakufanya kitu. Weye, wifi, hukufanya kitu. Naomba radhi."

Haitham alishika mkono wake akaubusu, akasema hapana shida, shangazi. Mafundi walisema Mungu atatia mingine. Siti alisema, "Nimesikia," akarudi nyumbani.

Jioni ile Bakar alikuja. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkarafuu wake na mpunga wake vikimtosha. Alizunguka yale mashimo, akapima kwa hatua, na kila hatua ilimpiga Mwatima kifuani.

"Kwa vile pamekuwa wazi," alisema, "Haitham angepitisha gari ya mchanga hapa. Siku chache tu."

Leo njia ya gari, kesho ukuta. Mwatima alifungua kinywa akubali, kama alivyokuwa akikubali mambo miaka yote, na badala yake akasikia swali la miaka kumi na minane likitoka.

"Kaka, miti ikifa yote, miye nitoke?"

Bakar alimgeukia. "Nani kakwambia utoke?"

"Hakuna. Lakini hujaniambia pia kuwa nibaki."

Kaka yake alionekana kama mtu aliyeambiwa kuwa nyumbani kwake kuna chumba asichokijua. "Nilidhani unajua," alisema hatimaye.

"Baba alisema miti yangu. Ardhi hakusema."

"Baba hakusema mengi." Bakar alikuna kidevu. Alikasirika kidogo, na Mwatima hakujua amemkasirikia nani. "Miaka yote hii unaishi na jambo hilo, na miye nipo pale mbele?"

Hakuahidi kitu jioni ile. Aliondoka, na Mwatima akapitisha siku tatu za mashaka makubwa kuliko zile za manjano, akiona kwamba ameamsha jambo ambalo lingeweza kulala. Siku ya nne Bakar alimchukua kwa sheha. Ikaandikwa karatasi, mbele ya mashahidi wawili, kwamba sehemu ile kuanzia mlango wa nyuma mpaka bonde la mpunga ni ya Mwatima kukaa na kulima maisha yake yote, iwe na mti au isiwe na mti. Gari ya mchanga ikapitia upande wa kisimani. Ni mzunguko mrefu, na Haitham alilalamika wiki nzima.

Mchungwa wa sita ulikufa Disemba, baada ya vuli. Alikuwa amekwangua na kupaka mara mbili zaidi, lakini kidonda kilizunguka. Wa nne na wa saba ilitoa machipukizi, madogo kwanza, ya kijani chepesi, na Mwatima hakuyaamini mpaka yalipokuwa majani kamili. Pembezoni mwa yale mashimo, mbali kidogo, alipanda muhogo, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuiona ardhi tupu.

Siti aliendelea kumsalimia kwa salamu fupi. Arusi ya Haitham ilifanyika, wakapika pamoja jikoni, wakizungumza habari za chumvi na kuni tu. Ilikuwa Ramadhani, siku ya tano au ya sita, ndipo Siti alipokuja mwenyewe kabla ya magharibi na sahani ya mkate wa kumimina. Aliiweka mezani. Hakukaa.

"Ule wa saba umechipua," alisema akiwa mlangoni.

"Umechipua, wifi. Lakini bado naogopa."

"Na weye huachi kuogopa," alisema Siti, akaenda zake.

Mwezi wa Machi mawingu ya masika yakaanza kupanda. Mwatima alikuwa na hofu mpya: paa la Haitham lilikuwa la mabati, jipya na pana, na maji yake yote yangeteremka kwenye michungwa. Hakujua amwambie vipi kijana ambaye alikuwa amemwonea mara moja. Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akamwambia, wazi, amesimama uani kwake, mke wake mpya akisikiliza.

Haitham alileta jembe siku ileile. Walichimba mtaro yeye na mkewe, kuanzia ukingo wa paa, ukipita juu ya yale mashimo na kuzunguka mpaka bondeni. Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi asubuhi, nzito, bila ya upepo. Mwatima alitoka amejitupia gunia kichwani. Maji yalikuwa yakienda mbio ndani ya mtaro, mekundu, yakiiacha miti upande mmoja. Alisimama akayatazama kidogo. Kisha akaenda mti hadi mti, sita yote, akainama kwa kila mmoja na kupitisha mkono kuzunguka shina, kuhakikisha kuwa li wazi.